Maharage Kumi na Tisa

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie ushujaa mahali ambapo haupo. Naogopa radi, naogopa ng'ombe mwenye pembe moja, naogopa gari la mradi likipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Lakini hofu niliyoishi nayo mwaka ule wa fomu ilikuwa ya aina nyingine, kwa sababu niliitengeneza mwenyewe, kwa kalamu ya bluu na mwandiko mzuri.

Tunaishi Maretadu, upande ambao mahindi na maharage yamepanda kilima hadi milangoni kwa watu. Katikati ya mashamba hayo baba ana malisho, kuanzia mgongo wa kilima mpaka kijitoni, ardhi ambayo plau haijawahi kuigusa. Alirithi nyasi na amechunga juu ya nyasi hizo maisha yake yote. Ng'ambo ya kijito nako kulikuwa malisho zamani. Jirani akalima akifuata mteremko, mvua zikachora mfereji, mfereji ukaweza kumficha mbuzi, na sasa ni korongo ambalo trekta ikiingia haitoki. Limeshavuka kijito. Kila masika linasogea kwetu hatua kadhaa, na mvua kubwa ikinyesha nasikia udongo ukiporomoka huko chini, puu, kisha kimya, kisha puu. Tangu tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufukia watu wakiwa majumbani mwao, simjui mtu yeyote huku kwetu anayeisikia sauti hiyo akaendelea kula.

Nilirudi kwa baba baada ya mume wangu kufariki. Nilikuja na cherehani, godoro na hasira nyingi, na baba akanipa chumba cha upande wa zizi bila kuniuliza nitakaa muda gani. Kwa hiyo ninaposema niliogopa kuyapoteza yale malisho, sisemi kwa ajili ya baba peke yake. Maziwa ninayokunywa yanatoka pale. Samadi ya bustani yangu inatoka pale. Siku malisho yakiwa shamba, yatakuwa shamba la mdogo wangu, na mimi nitakuwa dada mwenye cherehani aliyebaki kwenye chumba cha mtu.

Mdogo wangu si mtu mbaya. Anakaa karibu, nyumba yake na yetu zinasikilizana vikombe vikigongana. Ana mke mchapakazi, ana watoto shuleni, na msimu mmoja alipata faida nzuri ya kitunguu saumu kule kwenye shamba la kukodi. Toka hapo kila alipoyatazama malisho ya baba aliona matuta ya vitunguu. "Ekari zote hizi," alikuwa akisema, "kwa ajili ya ng'ombe kula na kulala tu."  Baba alikuwa akifunga shuka yake vizuri na kuondoka na fimbo kuwafungulia ng'ombe.

Kisha likaja gari la mradi.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Dada wa mradi, mwenye sauti ya ualimu, alieleza kwamba mtu mwenye malisho anaweza kuyaingiza kwenye mkataba wa hifadhi. Hatalima, hatajenga, hatauza kwa mlimaji. Ataendelea kuchunga kama kawaida, ila sehemu moja ataipumzisha kila msimu mpaka nyasi zirudi. Mradi nao utampa mbegu za nyasi, utasaidia kuziba makorongo kwa mawe, na kijiji kitampa hati ya kimila yenye mipaka. "Ni hiari," alisema. "Narudia, ni kwa hiari kabisa."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na asiyeitaka hiyo hiari mnamfanya nini?"

Watu walicheka sana. Mimi nilicheka pia, huku nalitazama lile gari. Nimezoea amri. Amri ikija unajua pa kujificha. Mtu akija na gari zuri akaniambia nichague mwenyewe, naanza kutafuta mlango wa nyuma.

Baba alinyanyua mkono. Hakuuliza swali lolote zaidi ya moja: kama mawe yatafika kwenye korongo lake kabla ya mvua. Alipoambiwa ndiyo, akasema anaingia. Dada wa mradi akamweleza kwamba fomu inataka pia saini ya watoto wake watu wazima, na kwamba majina yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi siku kumi na nne ili mwenye pingamizi aseme. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama na mke wake karibu na mlango, alisema atasaini "tukishaona." Mimi nilisaini hapohapo.

Fomu ilikuwa ya kurasa tatu na ilitakiwa Ijumaa. Jumanne baba alipanda basi kwenda Haydom, hospitali, kutolewa mtoto wa jicho. Aliniambia mlangoni, "Jaza wewe. Umesoma." Alidhani ni habari ya mipaka na majina tu. Na mimi nilijaza mipaka na majina vizuri, mpaka nikafika ukurasa wa tatu: idadi ya ng'ombe wanaotumia malisho, na mmiliki wa ng'ombe hao.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole wala kwa sauti. Ukihesabu unawaita watoke. Ndivyo nilivyolelewa, na ingawa naenda kanisani kila Jumapili sikuthubutu kusimama langoni nikasema moja, mbili, tatu. Kwa hiyo asubuhi ya Alhamisi nilitia kiganja cha maharage kwenye mfuko wa kulia wa aproni, nikafungua zizi, na kila aliyetoka nilihamisha harage moja kwenda mfuko wa kushoto, huku natazama pembeni kama mtu anayewaza mengine. Nilipowafikisha kijitoni niliketi nikatoa maharage. Yalikuwa kumi na tisa. Nikaandika 19. Kwenye mmiliki nikaandika jina la baba, kwa herufi kubwa.

Nilijua, kama kila mtu wa huku anavyojua, kwamba watu huwekeana ng'ombe. Mtu anampeleka ng'ombe wake kwa rafiki anayemwamini. Rafiki anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama ni wa mwenyewe, na hakuna anayetangaza. Kuna anayeficha kwa sababu ya ndugu wenye mikono mirefu, kuna anayetawanya ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimmalize. Mambo hayo ni ya wawili tu, na watoto wa nyumba hawaambiwi. Nilijua yote hayo. Haikunijia hata kidogo kuuliza, maana waliolala zizini kwa baba, kwangu mimi, walikuwa wa baba. Nilipeleka fomu Ijumaa asubuhi nikarudi nikayapika yale maharage.

Karatasi ilibandikwa Jumatatu. Nilikwenda kuisoma, na nakiri nilijisikia mtu. Jina la baba, mipaka ya baba, ng'ombe kumi na tisa wa baba. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama pale wakisoma kimya.

Jumatano akaja mgeni. Alikuwa mfanyabiashara wa Dongobesh, mtu mzima mwenye kofia yake safi, ambaye nilizoea kumwona akipita kumsalimia baba mara moja au mbili kwa mwaka. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwekea chai. Aliuliza hali ya jicho la mzee. Kisha akasema, "Naomba niwaone ng'ombe." Walikuwa bado hawajatoka. Alisimama mbele ya jike mmoja mwekundu mwenye ndama, akamtazama muda mrefu, akarudi, akanishukuru, akaondoka. Chai ilikuwa nusu kikombe. Mgeni anayeacha chai nusu kwetu ana jambo moyoni, na mimi nilibaki nimeshika kile kikombe bila kujua pa kukimwaga.

Siku iliyofuata mwanamume nisiyemfahamu alisimama barabarani, akatazama zizi, akaenda zake bila hata kusalimia.

Halafu akaja bibi mmoja wa Kibarbaig, mjane, kutoka chini uwandani. Alikuja kwa miguu, peke yake, na fimbo yake ndefu. Nilimkimbilia kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Yuko Haydom, bibi. Wamemfanyia jicho."

"Atarudi?"

"Atarudi, Jumamosi."

Alinitazama. "Atarudi anaona?"

Mpaka leo sijui alikuwa akinipa pole au akimwombea mabaya. Nilisema, "Mungu akipenda." Naye akaenda kwenye zizi, akaingiza mkono kati ya miti, akamkuna ng'ombe mmoja mwenye mabaka paji la uso, na yule ng'ombe akaja kwake kama anayeitwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa wake.  Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, nikaanza kufikiria laana zote nilizowahi kusikia, za kwao na za kwetu, na ni zipi zinafuata damu na ni zipi zinamwangukia mwandishi peke yake.

Kuanzia hapo sikulala vizuri wala kushona vizuri. Nilishona mkono wa gauni la mteja nje ndani. Mbwa akibweka, naruka. Nilifikiria kwenda usiku kubandua ile karatasi, ila nikikumbuka giza la njia ya ofisini, naacha. Nilimtazama mdogo wangu akipita jioni zizini, kama alivyozoea, kumlambisha magadi mtamba mmoja mweusi aliyempenda, nikataka kumwambia. Sikumwambia. Alikuwa na furaha zake. Alishakubaliana na mtu wa trekta aje wiki mbili zijazo, "kwa kujaribu kipande cha juu tu," na aliniambia kwa uso mkunjufu kwamba baba akizeeka zaidi wale kumi na tisa wakiuzwa vizuri, watanunua hata bomba la kumwagilia. Kumbe naye alikuwa ameisoma karatasi.

Baba alirudi Jumamosi na bandeji jicho la kulia. La kushoto lilikuwa na ukungu wake wa siku zote. Nilimngoja anywe uji. Kisha nikamweleza, nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyevunja chungu. Wageni wote watatu, na ile namba.

"Umeandika ngapi?"

Nikamwambia.

"Umewahesabu?"

"Kwa maharage, baba."

"Hayo maharage yako wapi?"

"Niliyapika."

Kwa muda nilidhani atacheka, na pengine siku nyingine angecheka. Lakini nilimwona baba yangu akiogopa. Sikuwahi kumwona hivyo hata siku ya kumzika mama. Mkono wake ulikuwa ukitafuta fimbo kando ya kiti, na fimbo ilikuwa imelala miguuni kwake.

"Wangu hawapo pale," alisema mwishowe. "Hata mmoja."

"Wako wapi?"

"Wako kwa watu. Na wale pale ni wa watu. Wewe umeniandika mwizi, mwanangu, na umenibandika ukutani."

Nililia. Nilimwambia nitakwenda ofisini kufuta. Akauliza nitaandika nini mahali pake. Nikiandika wenyewe, nimetoboa siri zao. Nikiandika kwamba hana ng'ombe, mkataba unakufa, kwa sababu ni wa malisho yenye mifugo. Nikasema basi tunyamaze, kila mwenye ng'ombe wake anamjua, atakuja kumchukua akitaka.

"Na nikifa?" alisema baba. "Karatasi itasema ni wangu. Ndugu yako atawagawa, tena kwa haki kabisa, na mihuri. Wenyewe watasimama hapo wakitazama."

 Aliniambia atasema mwenyewe siku ya kupita mipaka, zile siku kumi na nne zikiisha. Atasema nini hakuniambia, na hiyo ndiyo wiki ndefu kuliko zote nilizoishi.

Siku ilifika, saa nne asubuhi, jua limeshakolea. Tulikutana palepale malishoni. Dada wa mradi alikuwepo na mafaili yake, mtendaji wa kijiji, na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Tulipita mpaka wote kwa miguu, kuanzia juu. Kila kona kilichomekwa kigingi. Nilimshika baba mkono kwa sababu ya jicho, na tulipofika chini kwenye mdomo wa korongo nilisikia changarawe ikiteleza chini ya kiatu changu. Nikamvuta nyuma kwa nguvu mpaka akanikaripia. Udongo wa ukingo ulikuwa mwekundu na mbichi, umekatika si zamani. Mizizi ya nyasi ilikuwa inaning'inia hewani.

Tukasimama pale. Nilimwona mfanyabiashara wa Dongobesh, na kaka yake anayeshirikiana naye dukani. Nilimwona yule bibi wa Kibarbaig, safari hii akiwa na wanawe wawili, wanaume warefu, mmoja kila upande. Nilimwona yule aliyesimama barabarani. Na wengine ambao sikuwajua, na ambao sasa niliwaogopa wote kwa sababu kila mmoja aliwatazama ng'ombe kabla ya kunitazama mimi.

Dada wa mradi akasoma. Alipomaliza akauliza, "Kuna mwenye pingamizi kuhusu mipaka?" Hapakuwa na pingamizi. "Kuhusu mifugo kumi na tisa ya mzee?"

Kimya. Nilielewa kitu ambacho kilinitisha kuliko kelele. Wenye ng'ombe walikuwa pale, na hawakuweza kusema. Kusema ni kujitaja mbele ya mke, mbele ya kaka, mbele ya wana wanaosubiri kuuza. Wangenyamaza, na karatasi yangu ingekuwa kweli.

Baba akainua fimbo. "Mimi nina pingamizi."

Watu wakacheka. Mtendaji akasema, "Mzee, mwenye pingamizi hawezi kuwa wewe."

"Ni mimi. Binti yangu alikosea. Andika sina ng'ombe."

Kicheko kikakatika. Dada wa mradi aliangalia ng'ombe waliokuwa wakila nyasi nyuma yetu, akamwangalia baba. "Hawa ni wa nani?"

"Si wangu."

"Mzee, nakuomba unielewe. Mkataba huu ni wa malisho yanayochungwa. Nikiandika huna mifugo, na hakuna mwingine anayesema ni yake, siwezi kuendelea. Nitalitoa jina lako."

"Litoe," alisema baba.

Nilimgeukia mdogo wangu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mtu aliyekuwa anajua atarithi kumi na tisa amesikia sifuri mbele ya kijiji kizima. Akasema kwa sauti ya mtu anayejikaza, "Basi imekwisha. Tulime. Trekta inakuja Jumatatu."

Nilitazama nyasi. Sijui kueleza vizuri. Niliziona zimeshageuzwa, mizizi juu, na mvua imeshaanza.  Nilikuwa nimemshika baba mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi juani.

Yule bibi akapiga fimbo yake chini.

"Yule mwenye mabaka ni wangu," alisema.

Mmoja wa wanawe akageuka. "Mama, ng'ombe gani?"

"Baba yako alimweka mama wa ng'ombe huyo hapa, kabla wewe hujaota ndevu. Nyamaza. Ungekuwa umeshamuuza."

Hakuna aliyecheka. Alimtazama dada wa mradi na kusema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba ng'ombe wake anakula hapa kwa sababu kwake uwandani wamelima mpaka kwenye makaburi, na kwamba pakilimwa hapa naye atamtoa ampeleke wapi. "Andika mimi," alisema. "Wino uko wapi?"

Mfanyabiashara alikohoa. Alivua kofia, akaivaa tena. "Na mimi nina wawili," alisema. "Yule mwekundu na ndama wake." Kaka yake hakumtazama, ila alikunja mikono kifuani taratibu, na nilijua nyumba ile ina mazungumzo marefu mbele yake. Yule wa barabarani alitazama viatu vyake. Wengine nao hivyohivyo, na siwalaumu, ningekuwa wao ningekimbia.

Dada wa mradi alishauriana na mtendaji. Akasema anaweza kuandika mifugo ya watu waliowekeana, maadamu wapo waliojitokeza, na waliobaki hawahitaji kutajwa. "Lakini," akasema, akifungua ukurasa wa mwisho, "saini ya kijana wa mzee haipo. Bila hiyo siwezi."

Watu wote wakamtazama mdogo wangu. Alisimama na mikono mfukoni, mke wake ubavuni. Baba aligeuza uso upande wa kijito. Nilidhani ni jicho linamuuma. Kisha nikaona kwamba alikuwa anajizuia kutazama mahali fulani, na nikafuata mahali hapo asipotaka kutazama. Mtamba mweusi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, akimtazama mdogo wangu, akilamba pua, akingoja magadi yake.

Nikaelewa, na baba akajua nimeelewa, akanibana kidole. Nisiseme. Angeweza kusema yeye, tangu mwanzo. Angemwambia siku ileile ya kwanza ya vitunguu, wewe mwenyewe una ng'ombe kwangu, ukilima atakula wapi? Hakusema, kwa sababu aliwekewa kama wengine walivyomwekea, na siri haikupungua kwa kuwa ni ya mwanawe. Alikuwa tayari kupoteza ardhi yake yote akiwa amefunga mdomo.

 Korongo lilidondosha kipande, puu, nyuma yetu.

"Yule mweusi," alisema mdogo wangu. Alisema kama mtu anayetapika. "Yule mtamba mweusi ni wangu."

"Mtamba gani?" mke wake akauliza.

"Huyo."

"Wa pesa za vitunguu? Si uliniambia nusu yake mnunuzi alikudhulumu?"

Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kikubwa cha kupumua, hata dada wa mradi alifunika mdomo kwa faili. Mdogo wangu hakucheka. Alichukua kalamu, akasaini kwa kuchimba karatasi, akamrudishia bila kumtazama. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Wewe na maharage yako." Sikuwahi kumwambia habari ya maharage. Nadhani baba ndiye aliyemwambia.

Mawe yalikuja kabla ya mvua, kama walivyoahidi. Tumeyapanga sisi wenyewe na majirani, na korongo limesimama, ingawa mimi bado nasikiliza. Mfanyabiashara aliwachukua wawili wake mwezi uleule, akaomba radhi kwa baba kwa unyenyekevu, hakutaka kaka yake aendelee kuuliza maswali. Bibi alimwacha wake abaki. Mke wa mdogo wangu hakusema na mumewe majuma matatu, na siku hizi anakuja mwenyewe kumpa yule mtamba magadi, ili aone kama bado yupo.

Jicho la baba lilipopona alinipeleka zizini, akanionyesha mmoja mmoja kwa kidevu, bila kidole, na kuniambia ni wa nani na aliletwa lini. Wake mwenyewe wako Gitting, kwa rafiki ambaye sijawahi kumwona. Nilimuuliza kwa nini ananiambia mimi na si mdogo wangu. "Wewe ni mwoga," alisema. "Hutathubutu kuwauza." Nikaogopa zaidi. Sasa nina siri za watu kichwani na siwezi kuziandika popote.

Nimesoma ule mkataba mara nyingi, hasa kipengele cha mwisho. Kwa kuwa ni hiari, mwenye saini anaweza kujitoa akiandika barua. Barua moja tu. Mdogo wangu anajua kuandika vizuri kuliko mimi, na bei ya vitunguu imepanda tena. Hajasema kitu, nami sijamuuliza.

Ila najua hataandika barua yoyote kabla ya kumhamisha ng'ombe wake. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, naenda zizini kumtafuta yule mtamba mweusi. Sihesabu. Namtazama tu. Akiwa yupo, narudi ndani, nawasha moto na kubandika sufuria.